Ngazi Mbili za Ngelele

SEHEMU YA TISA

"Historia ya chuo hiki naijua kuliko misumari iliyoshika bati lake."

Hayo ndiyo maneno tuliyomwachia Sunday mdomoni Jumamosi iliyopita, amesimama katikati ya karakana ya zamani, kidole juu, na watu wote wamemgeukia. Kama gazeti lilikupita kwa sababu muuza maandazi alilitumia kufungia biashara yake, usihangaike. Nakupa kwa ufupi, halafu tunakimbia.

Mhandisi Abrahamu, aliyeanzisha Chuo cha Uhandisi Ngelele hapa mlimani juu ya Tukuyu, tumemzika. Udongo haujatulia, mdogo wake Boazi ametokea na wanunuzi wa parachichi. Anasema uwanja wa chuo ni wa baba yao, marehemu Mzee Andrea, na kwamba Andrea alimwazima tu Abrahamu, hakumpa. Aliyeazima akifa, kitu kinarudi nyumbani, na nyumbani sasa ni Boazi. Anataka kujenga ghala la kupakia parachichi. Wanafunzi watafute mlima mwingine.

Karatasi haipo. Enzi za Andrea shamba lilitolewa kwa kauli, mbele ya masikio ya watu. Kwa hiyo pande zote mbili zimekubaliana kwamba atakachosema Mzee Ambindwile ndicho kitakachokuwa. Huyu ni mdogo wa Andrea, ndiye pekee aliyebaki katika umri ule. Tatizo ni kwamba wakati chuo kinaanza yeye alikuwa machimboni Chunya. Hakuona kitu. Ameuliza swali moja tu: nani alimsikia kaka yangu akiitoa ardhi hii?

Ndipo Sunday akanyoosha kidole.

Haya, twende.

"Kaa kwanza," Mzee Ambindwile akamwambia. "Mtu anayesema akiwa amesimama, anasema kama anayetaka kuondoka."

Sunday akakaa. Kushoto kwake alikuwa Sekela, mkufunzi wa uchomeleaji, mzaliwa wa Bulyaga, msichana ambaye akikutazama kupitia kile kioo cheusi cha kuchomelea unajisikia kama bomba lenye ufa. Kulia kwake alikuwa Mwalimu Prosper, kaimu mkuu wa chuo, aliyehamia kutoka Bukoba na ambaye tangu afike hajawahi kuvua kofia ya sufu.

"Sunday," Sekela akanong'ona, "unajua nini wewe?"

"Nitajua nikifika."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli."

Ukitaka kumwelewa kijana huyu, elewa kazi yake. Kwenye ratiba ameandikwa mkufunzi msaidizi wa michoro ya kihandisi. Kazi yenyewe hasa ni mdomo. Kila mgeni anayefika Ngelele, awe mkaguzi wa serikali, mfadhili au mzazi mwenye mashaka, anakabidhiwa Sunday amzungushe na kumsimulia chuo kilikotoka. Marehemu Abrahamu alikuwa mtu wa vyuma, maneno yalimchosha. Akiona mgeni anashuka kwenye gari alikuwa anaita tu, "Sunday, njoo uwaongopee watu wako."

Na Sunday alikuwa anaenda.

Ile mashine ya kijani ya kukerezea chuma, kwa mfano, wageni wanajua ilibebwa mabegani na wanaume wa Kyela kutoka bandari ya Itungi, wakiimba, mvua ikiwanyeshea mgongoni. Ukweli ni kwamba ililetwa na lori. Dereva wake yuko hai na anauza mbao Kiwira.

Halafu kuna ngazi mbili. Karakana ya zamani imekaa kwenye mteremko, chumba kimoja kirefu, lakini ina ngazi mbili za mawe. Moja inapanda kutoka barabarani, nyingine inapanda kutoka migombani, kila moja na mlango wake, na katikati ya chumba umepita ukuta usiofika kwenye bati. Mhandisi yeyote akiuona anakuna kichwa. Nani anajenga ukuta katikati ya karakana? Nani anachonga mawe ya ngazi mara mbili kwa chumba kimoja?

Wafadhili, Sunday aliwaambia ngazi ni mbili kwa ajili ya tetemeko. Wakaguzi aliwaambia ni kwa ajili ya moto. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwaambia marehemu hakupenda kukutana na wambea, akisikia wanapanda huku yeye anashukia kule.

Wote waliamini. Mimi pia, nisikufiche, niliamini ile ya moto.

Mara moja tu Sunday alimwuliza Abrahamu ukweli wa zile ngazi. Mzee alikuwa anapaka grisi mikononi. Akatabasamu, akasema, "Muulize mama yako."

Mama ni Mama Yustina, mke wa Abrahamu, mwalimu wa kwanza wa michoro pale Ngelele. Chuo kizima kinamwita Mama. Sunday akasema nitamwuliza. Hakumwuliza. Kutunga kulikuwa kwepesi kuliko kushuka mpaka kwake Bulyaga.

Sasa leo ardhi ya chuo imening'inia kwenye mdomo huohuo.

Na mdomo wenyewe, ndugu msomaji, una ganzi. Tangu makaburini Sunday anajisikia kama aliyechomwa sindano ya jino, ila haikuishia kwenye fizi, imeenea mwili mzima. Watu walilia, yeye alishika koleo akasawazisha udongo vizuri, kama anayepimwa alama. Anaongea, watu wanacheka, yeye anasikia kama redio ya jirani. Juzi alishika chuma cha moto karakanani, akakiachia kwa sababu Sekela alipiga kelele. Hakukiachia kwa kuumia. Alipoambiwa Boazi atabomoa hata kile chumba nyuma ya stoo anacholala, alisema "sawa", akaendelea kula kande.

"Baba," Boazi akamwambia Mzee Ambindwile, "huyu ni mtoto wa Kiwira. Baba yake alitoka Kigoma kuja kuchimba makaa. Baba yetu anafariki, huyu hajui hata kupenga kamasi. Alimsikia wapi?"

Boazi ni mtu mzima mwenye suti ya kijivu na mwavuli mrefu ambao haufungui hata mvua ikinyesha. Anautumia kuonyeshea watu njia ya kutokea.

"Mzee Boazi," Sunday akajibu, "hata wewe hukuwepo Yesu anazaliwa, lakini Krismasi wali unakula."

Wanafunzi waliojazana dirishani wakacheka. Mwalimu Prosper akacheka, kisha akakumbuka cheo chake. Hata Mzee Ambindwile mashavu yalisogea kidogo.

Sunday aliwasikia wanacheka. Hakusikia kingine.

"Nani alikusimulia?" mzee akauliza.

"Mzee Abrahamu mwenyewe. Alinikalisha hapohapo ulipokaa, babu, akanisimulia yote, yeye mwenyewe akiwa ameyaona kwa macho yake."

Uongo wa kwanza huo. Uhesabu wewe, mimi sina vidole vya kutosha.

Sekela akamkanyaga mguu. Akamwinamia sikioni aseme kitu, na palepale mvua ya Tukuyu, ambayo haijui kubisha hodi, ikashuka juu ya bati. Sekela alisema alichosema, lakini bati lilikula maneno yote. Akaona hasikiki. Akaamua kuonyesha. Akainua kidevu kuelekea kwenye ule ukuta wa katikati, mara moja, mara mbili, macho yamemtoka.

Sunday akatazama ukuta. Akamtazama Sekela. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Alielewa hivi: binti ananikumbusha nisisahau zile ngazi mbili.

Alichokuwa anaambiwa kilikuwa kingine kabisa.

Mvua ikapungua. Mzee Ambindwile akasema, "Haya, mwanangu. Lete."

Sunday akaleta. Na mwanzo wake, nitamtendea haki, ulikuwa mzuri na wa kweli. Alisimulia kibanda cha mabati kilichokuwa na mashine moja ya kuchomelea. Alisimulia wanafunzi wa kwanza, watoto wa wachimba makaa, waliokuja wakiwa wanajua kubeba tu na kuondoka wakijua kupima. Alisimulia Mama Yustina akifundisha michoro kwa kuchora sakafuni kwa chaki, kwa sababu meza hazikuwepo, na wanafunzi wakijifunza kuruka mistari wakitembea, wasije wakafuta jengo la mwenzao.

Wazee wakawa wanaitikia. "Ena," mmoja akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Angeishia hapo, leo ningekuwa naandika hadithi nyingine.

Lakini Boazi alikohoa. Akasema taratibu, kama anayemsaidia, "Yote hayo ni ya chuo, dogo. Tunauliza ya shamba. Baba alitoa, hakutoa?"

Nje, gari la wanunuzi wa parachichi lilikuwa linanguruma palepale lilipoegeshwa. Hawakuwa wamezima injini tangu asubuhi. Waliona ni suala la dakika.

Sunday akaangalia madirishani. Wanafunzi walikuwa wamebandika nyuso zao kwenye vioo. Akaangalia meza ya marehemu, ile yenye jiriwa la kubania vyuma, ambapo alifundishwa kushika tupa akiwa hana pengine pa kurudi. Akajua kwamba hapa mtu angetakiwa kuumia. Akangoja. Hakikuja kitu. Ikawa mdomo peke yake ndio uliobaki na nguvu, naye akauachia ukimbie.

"Alitoa," Sunday akasema. "Siku karakana hii ilipokamilika. Mzee Andrea alikuja na fimbo yake, akapanda ngazi hii ya barabarani. Mama Yustina akapanda ile ya migombani. Wakakutana hapa, katikati. Ndiyo maana ngazi ni mbili. Ukoo unapanda huku, elimu inapanda kule, vinakutana."

Nusura Mwalimu Prosper apige makofi.

"Wakakutana," Mzee Ambindwile akasema.

"Uso kwa uso, babu."

"Na huu ukuta?"

"Ukuta ulikuja baadaye. Kwa ajili ya vumbi."

Sekela akafunga macho.

"Endelea," mzee akasema, kwa upole wa kutisha.

"Basi Mama Yustina, kwa heshima, akampa mkwewe maji ya kunywa."

"Kwa mkono?"

"Kwa mikono miwili, babu. Na akapiga magoti."

"Akamtazama?"

Sunday akaona swali hili ni zawadi. "Akamtazama, babu. Wakatazamana. Mzee Andrea akacheka, akamshika bega, akasema, 'Mwanangu Yustina, kuanzia leo ardhi hii ni ya chuo.'"



Wazee watatu waliokuwa wamekaa benchi la nyuma walitazama sakafu, wote kwa pamoja, kana kwamba mtu amevua nguo mbele yao. Dirishani mwanafunzi mmoja mwenyeji wa Masoko akajishika kichwa. Sekela mguu wake aliuondoa. Hakukuwa tena na sababu ya kumkanyaga.

Msomaji wangu wa Rungwe, wewe umeshaelewa, na najua unalaani. Msomaji wa Tanga, ngoja nikueleze.

Huku, kwa desturi ya wazee, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Sisemi hakai naye meza moja. Nasema hakutani naye. Akimsikia anakuja njiani anaingia migombani na kugeuza uso mpaka apite. Jina lake halitaji. Kumtazama machoni ni aibu inayoangukia nyumba zote mbili, na si baba mkwe peke yake, hata ndugu zake wa kiume wanaheshimiwa vilevile. Siku hizi wengi mjini wameachana na mambo hayo, wanakaa sebule moja wanagombania rimoti. Lakini nyumba ya Andrea haikuwa ya wengi. Ilijulikana milima yote kwa kushika hilo.

Na Sunday amemkalisha Andrea, marehemu, akichekeana na mkamwana wake na kumshika bega.

Mtoto wa Kiwira. Kinyakyusa chake ni cha sokoni, cha kuteremshiwa bei ya ndizi. Cha ndani ya nyumba hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hakijui. Watu wa hapa husahau kwamba jambo linaweza kutojulikana.

Boazi alianza kucheka polepole, bila sauti, mabega tu.

"Baba umesikia," akasema. "Hawa ndio wanaotaka tuwaachie ardhi. Kaka yako amelala kaburini, wamemfuata hukohuko kumvua suruali."

"Babu, mimi nimesema nilivyoambiwa," Sunday akasema. Aliona kuna kitu kimevunjika, hakujua ni kipi. "Kama kuna mahali nimekosea..."

"Nyamaza," Sekela akamwambia, bila kumtazama.

Mzee Ambindwile akashika fimbo yake, akainuka. Alionekana amechoka kuliko alivyokuwa ameingia.

"Nilikuja hapa nikitaka kuambiwa kaka yangu alitoa," akasema. "Ndiyo, nilitaka hivyo. Hii kalakana naipenda. Nikipita nikisikia vyuma vinalia najua watoto wanakula kesho. Lakini sikuja kuuziwa malehemu. Kama chuo hakina shahidi mwingine zaidi ya huyu kijana, basi mimi nasema..."

"Hakuna aliyempa mtu maji."

Sauti ilitoka ukutani.

Si nyuma ya dirisha, si mlangoni. Ukutani. Ilipita pale juu ambapo ukuta haufiki kwenye bati, sauti ya mama mtu mzima, haina haraka, kama ya mwalimu anayesahihisha huku anaendelea kufuta ubao.

Mwalimu Prosper akavua kofia. Mara ya kwanza tangu ahamie.

Na Mzee Ambindwile, tazama alichofanya. Hakugeuka kutazama. Alishika kiti chake, akakizungusha mpaka kikaupa ukuta mgongo, akakaa akitazama mvua mlangoni. Wale wazee watatu wakasogeza benchi lao vilevile. Hakuna aliyeambiwa.

Ndipo Sunday akaelewa kidevu cha Sekela.

Mama Yustina hakuwa Bulyaga. Alikuwa upande wa pili, amepanda kwa ngazi ya migombani tangu asubuhi, amekaa kwenye kigoda cha darasa lake la zamani. Asingeweza kukaa upande huu. Ambindwile ni mdogo wa Andrea, kwa hiyo naye ni baba mkwe. Alikaa pale ambapo desturi humweka, na chumba kizima kilijua yupo, isipokuwa Mwalimu Prosper na yule anayekijua chuo kuliko misumari yake.

"Sekela," Mzee Ambindwile akasema, akitazama mvua, "mwulize huyo aliye huko kama alikuwepo."

"Mama," Sekela akauliza, "ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa hapahapa nilipo." Sauti ikaendelea. "Yule mwenye fimbo, aliyemzaa mume wangu, alipenda kuja kuona watoto wanavyofundishwa. Kila akija, mimi niliruka dirishani na chaki yangu, nikajificha migombani, darasa likabaki peke yake. Mume wangu aliona aibu kumkataza baba yake. Mimi niliona aibu kuacha kazi. Siku moja yule mwenye fimbo akaja na mawe. Akajenga ukuta huu kwa mikono yake, na hiyo ngazi mnayopandia nyinyi. Akawa anakaa upande huo, anasikiliza. Mimi nafundisha upande huu. Ngazi mbili ni hizo. Hakuna tetemeko."

Dirishani hakuna aliyecheka.

"Uso wake sikuwahi kuuona," sauti ikasema. "Nimeolewa kwake nikiwa binti, nimezaa, nimezika. Sura yake siijui. Nikimwona leo mbinguni nitampita. Lakini sauti yake naijua. Siku alipomaliza kujenga, alisema na ukuta. Si na mimi. Alisema, 'Wewe ukuta, sikia.' Na akasema maneno kuhusu hili shamba."

Mzee Ambindwile mkono wake ulikaza fimbo. "Nani mwingine aliyasikia hayo?"

"Aliyekuwa anambebea mawe."

Boazi aliacha kucheka.

Akainuka, akachukua mwavuli wake. "Mvua imepungua," akasema. "Wale mabwana kwenye gari wana safari ya Mbeya. Nadhani tuendelee siku nyingine, mama akiwa amepumzika."

"Shemeji Boazi," ukuta ukasema. "Kaa. Siku ile ulivaa kaptula ya kijani, na jiwe lilikuponda kidole cha mguu, ukalia, naye akakwambia mwanaume halii kwa sababu ya jiwe. Ulisimama nyuma yake mpaka alipomaliza kusema."

Wote wakatazama viatu vya Boazi. Hata mimi ningekuwepo ningetazama.

Boazi alikaa. Kwenye suti yake ya kijivu alionekana ghafla mdogo, kama suti imebaki na mtu ametoka.

Mwalimu Prosper aliachia pumzi. Wanafunzi dirishani walianza kugusana viwiko. Mmoja akakimbia kwenda kuwaambia wenzake bwenini kwamba chuo kimepona. Alikimbia mapema mno.

"Sekela," Mzee Ambindwile akasema, "mwulize. Kaka yangu aliuambia nini huo ukuta?"

Sekela hakuhitaji kuuliza.

"Nitasema," sauti ikajibu. "Neno lile nimelitunza miaka yote. Sikumpa mtu, hata watoto wangu. Nilijua siku ya kulitaka itafika, na nilijua lina kazi moja tu, likishatumika limeisha. Nimekuja nalo leo kulitoa."

Mvua ikakatika kabisa, na gari la nje likasikika peke yake.

"Lakini Sunday ameshanitangulia."

Sunday akainua uso.

"Mwanangu," Mama Yustina akasema, na hakukuwa na hasira ndani yake, angalau hasira ingekuwa kitu cha kushika. "Umewaambia wazee nilimtazama. Umewaambia alinishika bega. Umewaambia mume wangu ndiye aliyekusimulia, kwamba aliona kwa macho yake. Mume wangu siku hiyo hakuwepo. Alikuwa Kiwira anatafuta saruji."

Boazi akainua kichwa. Polepole, kwenye kona ya mdomo wake, lile tabasamu likaanza kurudi.

"Sasa," sauti ikaendelea, "mimi ni mjane wa chuo hiki. Naponea hapa. Nikifungua mdomo nikasema, 'Yule mwenye fimbo alitoa,' na Boazi akasema, 'Hakutoa,' hawa wazee watajuaje? Wameshasikia neno hilohilo kutoka upande huohuo, na wameshaona ni uongo. Umetoa lile ambalo ningelitoa mimi, mwanangu, ila umelitoa likiwa limeoza. Na langu litanuka vilevile."

"Ni kweli," Boazi akasema, karibu kwa huruma. "Mama amesema kweli tupu."

Mzee Ambindwile aliendelea kutazama nje, mgongo wake kwenye ukuta, na mgongo ule ulikuwa kama swali.

Sunday alitafuta utani. Mdomo ulikuwepo, ulimi ulikuwepo, watu walikuwepo. Kwa miaka yote haijawahi kutokea akafungua kinywa kikawa kitupu. Akakifungua. Akakifunga. Na chini kidogo ya mbavu kitu kikamchoma, taratibu, kama jino ambalo sindano yake imeanza kuisha.

"Waambie wewe, Sunday," ukuta ukasema. "Waambie kwa nini waniamini. Tunakungoja."